Kisanduku Kisichopenda Moto

Mtaani kwetu Beijing, nyuma ya Mnara wa Ngoma, ukimtaja Suqin watu humkumbuka kwa mambo mawili: sindano yake na baridi ya chumba chake. Sindano tutaifikia. Baridi ya chumba kile ilikuwa ya kusimuliwa. Mama Xing, jirani yake wa ua mmoja, alizoea kusema kwamba ukienda kumtembelea Suqin, koti unavaa wakati wa kuingia na kulivua wakati wa kutoka.

Walikuwa watu wa Bendera, ukoo wa askari wa mfalme tangu enzi za mababu, waliokula mchele wa ikulu bila kushika jembe wala mizani. Mfalme alipoondolewa kitini, mchele nao ukaondoka. Baba yake Suqin, Mzee Chongshan, akauza nyumba ya mbele, akauza ya ubavuni, akauza hata mkomamanga wa uani pamoja na udongo wa shinani mwake, mpaka wakabaki na chumba kimoja upande usioona jua. Kila mnunuzi alipokuja, mzee alimpokea amevaa joho lake la hariri lililopauka, akampigia goti moja kwa adabu ya zamani na kumuuliza hali ya wazazi wake. Maskini jeuri, ndivyo tulivyo. Mtu wa Bendera yuko radhi ashinde na njaa kuliko kuonekana njiani amebeba kikapu chake mwenyewe.

Suqin hakuolewa. Kwetu binti aliyebaki nyumbani ndiye mkubwa wa nyumba: hukaa juu mezani, na wake wa kaka zake humwandalia chai wakiwa wamesimama. Ila kaka yake wa pekee alikuwa amekufa kwa homa kabla hajaoa, kwa hiyo Suqin alikuwa na kiti cha heshima na hana wa kumwandalia chochote. Alishona nyayo za viatu, akatarizi mifuko ya tumbaku kwa uzi mwekundu wa hariri, na kwa kazi hiyo yeye na baba yake walipata uji mchachu wa maharage na mkate wa mahindi wa mvuke.

Vitu viwili tu havikuuzwa. Cha kwanza kilikuwa pete ya gumba, ile wanayovaa wapiga upinde ili uzi usiwakate kidole. Ilikuwa ya jade nyeupe, pana, yenye doa moja la kahawia ambalo fundi alikuwa amelichonga likawa kulungu anayekimbia. Cha pili kilikuwa kisanduku chake, cha mviringo, chekundu, kilichopakwa utomvu wa mti tabaka juu ya tabaka mpaka ukawa mnene, kisha ukachongwa mawingu na wapanda farasi. Babu wa Mzee Chongshan alivipokea vyote viwili kutoka mkononi mwa mfalme, kwenye windo la vuli. Lakini pete haikuwa imelala kisandukuni tangu Chongshan alipokuwa kijana. Aliivaa akapiga upinde nayo mbele ya wakubwa wa ikulu, akanenepa nayo, fundo la kidole likavimba, na pete ikabaki palepale.

Kisanduku, sasa, hakikupenda moto. Utomvu wa namna ile unataka unyevu, na kipupwe cha Beijing hukausha hata mate mdomoni. Katika nyumba kubwa kilikuwa na chumba chake kisicho na jiko, na kabatini kiliwekewa bakuli lenye figili lililokatwa, ili maji ya figili yakinyweshe polepole. Siku hizi walilala chumba kimoja wote watatu, mzee, binti na kisanduku, na kitanda cha matofali kilikuwa na moto chini yake kama vitanda vyetu vyote. Ukiuchochea moto ule vizuri, hewa hukauka, na kisanduku hupasuka. Basi moto uliwashwa kidogo, wa kuzuia maji yasigande tu.

"Hilo figili jipya?" Mama Xing aliuliza siku moja, amesimama mlangoni.

"La kisanduku," alijibu Suqin.

"Na nyinyi mnakula nini?"

"Lile la juzi."

"Mbingu wee! Mimi nililea watoto sita, hakuna hata mmoja aliyedekezwa hivyo."

Mzee Chongshan alicheka kitandani mpaka akakohoa. "Muache ale, Mama Xing. Yeye ndiye mkubwa wetu. Alimwona mfalme, sisi tuliona mgongo wake tu."

Vuli ile akaja Bwana Geng, mwenye duka la vitu vya kale. Alitoka mashambani kusini ya jiji, na kwa ulimi wake laini angeweza kumuuzia samaki maji. Hakuwa mtu mbaya. Alikunywa maji ya moto badala ya chai na hakuuliza chai iko wapi. Alikigeuza kisanduku chini ya mwanga wa dirisha, akakinusa, akakirudisha kwa mikono miwili.

"Kizima," alisema. "Sijaona kizima hivi kwa muda mrefu. Na pete, Bwana Mkubwa?"

"Haitoki."

"Tujaribu kidogo tu, kwa ruhusa yako."

Wakajaribu. Walipaka sabuni, pete ikazunguka na kukaa. Wakapaka mafuta ya nguruwe aliyoyaleta Mama Xing, ambaye hakutaka kupitwa. Bwana Geng akavuta, Mama Xing akamshika mzee kiunoni, na mzee akapiga ukelele uliowatoa watu wa ua wa pili.

"Mnaning'oa kidole!" alilia huku akicheka. "Geng, nenda kanunue upinde, unipige kabisa!"

"Nisamehe, Bwana Mkubwa. Pete imekupenda."

"Imenipenda na itazikwa na mimi. Kisanduku ni cha huyu," akamwonyesha binti yake kwa kidevu. "Nikifa atakiuza, ataishi. Mimi niachieni kidole changu."

Suqin alimsindikiza mgeni mpaka langoni, na pale Bwana Geng akashusha sauti.

"Bibie, nisikufiche. Wakusanyaji wa siku hizi wanataka vyote viwili. Pete na nyumba yake. Kisanduku bila pete ni ganda la karanga, watakusifu halafu watakwenda zao."

"Kwa hiyo hakina thamani?"

"Kina kidogo. Kwa pamoja, ungenunua makaa ya kipupwe hiki na vingine vingi. Mzee angekula nyama. Nitangoja. Ila kikipata ufa, hata huo ungojaji haupo."

Anangoja nini, Suqin hakuuliza, na Bwana Geng hakusema. Alirudi ndani, na baba yake alipouliza walikuwa wakizungumza nini, alisema wamezungumza habari za upepo. Angemwambiaje kwamba kile anachomwachia ni ganda? Mzee alikuwa na urithi mmoja wa kumpa mwanawe na aliufurahia kila siku. Suqin akajiambia moyoni kwamba majira ya kuchipua yatakuja, uvimbe utashuka, pete italegea, na hapo atazungumza naye taratibu. Kitu kimoja tu kilitakiwa, kisanduku kivuke kipupwe bila ufa na baba avuke naye.

Mficha uchi hazai, wasemavyo. Katika chumba kile walikuwa wawili waliokuwa wakificha.

Kipupwe kikaingia kwa hasira. Maji ya ndoo uani yaligeuka jiwe. Mzee Chongshan akaanza kukohoa kikohozi kilichotoka chini kabisa, na mikono yake akaiingiza ndani ya mikono mirefu ya joho, kulia ndani ya kushoto, asiitoe hata wakati wa kula ila kwa vijiti vyake tu, haraka, na kuirudisha. Suqin alimtandikia kila nguo iliyokuwamo. Alilala kwenye ukingo wenye baridi ili baba apate pale pa moto, kama pangeitwa pa moto.

"Baba, niongeze makaa?"

"Kisanduku je?"

"Kisanduku kitavumilia usiku mmoja."

"Kisanduku hakijui usiku mmoja. Kinapasuka mara moja tu. Acha, binti yangu. Mimi nililinda lango la ikulu theluji ikifika magotini. Baridi hii ni ya watoto."

"Baba, unatetemeka."

"Natetemeka kwa hasira. Huyu Mama Xing anakoroma kama ngamia, unamsikia?"

Na Suqin, ambaye mkono wake ulikuwa tayari umeshika koleo la makaa, akaliweka chini. Aliliweka chini usiku ule, na usiku mwingine mwingi. Hilo ndilo lililomtafuna maisha yake yote. Haukuwa uchache wa makaa tu, maana Mama Xing alimkopesha ndoo nzima ya madonge ya makaa, na ndoo ikakaa pale ukutani na makaa yake. Yeye mwenyewe aliyaacha.

Katikati ya hayo yote uzi wake mwekundu ukaanza kupotea. Leo kipande, kesho kipande kirefu zaidi. Hariri ile alipewa kwa kipimo na mwenye duka la mifuko, na kila pungufu lilikuwa aibu. Aliwatuhumu panya. Kisha, kwa uchovu na njaa, akamtuhumu mtu.

"Wewe unaingia humu kila siku, Mama Xing. Uzi wangu unakwenda wapi?"

Mama Xing alishika kiuno. "Uzi? Mimi niibe uzi? Nimeshona nini mimi tangu marehemu afariki, mkia wa paka? Angalia soksi zangu, mwanangu, angalia hizi tundu, halafu uniambie nimeiba uzi!"

"Basi nani?"

"Mwulize mkubwa wenu, huyo anayekula figili!"

Wakanuniana. Mzee alikuwa amelala kimya, uso kaugeuzia ukutani, mikono ndani ya joho, na hakuwaamulia ugomvi hata kwa neno moja, yeye ambaye kwa kawaida angetunga mzaha juu yake.

Siku chache kabla ya mwaka mpya, watoto wa mtaa walipokuwa wakipasua fataki, alimwita Suqin karibu. Kifua chake kilikuwa kikipiga filimbi.

"Nikienda, usinizike kidole kitupu."

"Baba, usiseme hivyo."

"Niahidi. Huko babu ataniuliza pete yake. Nitamwonyesha nini?"

"Sitakuzika kidole kitupu, baba."

Akatulia. Halafu akauliza, na hayo ndiyo yakawa maneno yake ya mwisho duniani, "Kisanduku kizima?"

"Kizima, baba."

Akatabasamu, akafa. Alikufa akiwa na baridi mguuni mpaka gotini. Suqin aliishika ile miguu muda mrefu akijaribu kuipasha moto kwa viganja vyake, jambo ambalo halikuwa na maana tena.

Mama Xing alisahau uzi na matusi yake, akaja mbio. Maiti huoshwa kwa maji ya moto kabla haijakakamaa, kwa hiyo yeye mwenyewe akachukua ile ndoo ya makaa iliyokuwa ukutani, akaimwaga yote jikoni bila kumwuliza mtu. Kwa mara ya kwanza tangu vuli chumba kikapata joto. Kuta zikatoa jasho. Wanawake wale wawili wakamvua mzee joho lake, na Suqin akaona mikono ya baba yake.

Ilikuwa imebaki mifupa. Mtu ambaye vuli alivutwa na watu wawili na pete isitoke, sasa kidole chake cha gumba kilikuwa chembamba kuliko kidole cha kati cha binti yake. Suqin alipomimina maji juu ya mkono ule, pete ikateleza yenyewe, bila sabuni, bila mafuta, ikaanguka ndani ya beseni ikalia ngaa.

Ndani yake kulikuwa na uzi mwekundu, ulioteleza pamoja nayo. Ulikuwa umezungushwa kidoleni kwa ustadi wa askari anayefunga kamba ya upinde, duru juu ya duru, chini kabisa ukiwa umechakaa na kuwa mweusi, juu ukiwa mpya. Kila alipokonda, mzee aliongeza uzi, ili pete ikae na mwanawe asijue kwamba imelegea.

"Ndiyo uzi wangu," alisema Suqin.

Mama Xing alifunika mdomo kwa aproni.

Hapo ndipo hasira ilipompanda Suqin, hasira aliyokuwa hajawahi kuwa nayo kwa baba yake. "Ulikuwa na makaa kidoleni!" alimpigia maiti kelele. "Kipupwe kizima ulikuwa na makaa, na nyama, na mganga, hapo kidoleni! Kwa nini hukuniambia? Baba, kwa nini hukuniambia?" Lakini hata alipokuwa akipiga kelele alijua jibu. Mzee angemwambia, Suqin angemwomba aiuze, na mzee hakuwahi kumnyima binti yake alichoomba. Basi akahakikisha haombwi. Na yeye je? Yeye hakumficha kwamba kisanduku peke yake ni ganda? Mzee alivumilia baridi kulinda urithi wa binti yake, na binti alijua si urithi, na akaliweka koleo chini.

Nyuma yake, kabatini, kitu kikalia ta, kwa sauti ndogo na kavu. Baada ya kitambo kikalia tena. Mama Xing aligeuka kutazama. Suqin alisikia, na hakugeuka. Aliendelea kumwosha baba yake kwa maji ya moto.

Bwana Geng alikuja kutoa rambirambi, akapiga goti kwa adabu ya kwetu, ingawa kwao hawapigi hivyo. Kisanduku kilikuwa na ufa uliopita katikati ya wapanda farasi kutoka ukingo hadi ukingo. Alikitazama akakirudisha. Pete aliichukua.

"Ulimwahidi," Mama Xing alimnong'oneza Suqin kwa uchungu. "Mwenyewe umeniambia ulimwahidi."

"Nilimwahidi kidole kisiwe kitupu. Naye ameshanionyesha namna."

Kwa pete ile alinunua jeneza la mbao nene na pamba, pamba nyingi kuliko ilivyo desturi. Alimshonea baba yake nguo za kuzikiwa tabaka saba, kila moja imejazwa pamba mpaka mabega hayakutaka kuingia jenezani, na wabebaji wakalalamika. Kabla ya kufunga alichukua ule uzi mwekundu, wote, akauzungusha upya kwenye kidole gumba cha kulia, mpana na wa kukaza, mahali palepale pa pete. Ahadi ni deni, na hicho ndicho alichokuwa nacho cha kulipia.

Tangu siku hiyo jiko la Suqin liliwaka. Alipata kazi kwa Bwana Geng, kazi iliyofaa sindano yake. Wenye maduka ya vitu vya kale huhitaji masanduku ya kitambaa cha hariri yenye godoro ndani, kila kitu na sanduku lake, na Suqin akawa mshonaji wa magodoro hayo. Alitandikia vikombe, mihuri, chupa za ugoro. Alivifunika vizuri vyote. Wateja walisema hakuna anayelaza jade kama yule mama wa nyuma ya Mnara wa Ngoma.

Miaka ikapita. Siku moja alifika dukani na kazi yake mkononi, akamkuta kijana mmoja mnene, mwana wa mwenye benki, amekaa akinywa chai na Bwana Geng. Kwenye gumba lake kulikuwa na kulungu wa kahawia akikimbia juu ya jade nyeupe.

"Huyu ndiye atakayekushonea," alisema Bwana Geng, na hakumtazama Suqin machoni.

"Karibu, mama, karibu. Nataka sanduku la hii. Subiri uipime." Kijana akavuta. Akavuta tena, uso ukawa mwekundu, akacheka. "Loo! Haitoki! Tangu mwaka mpya sijaivua, na nyumbani kwetu wananilisha kama bata. Geng, lete sabuni!"

"Usihangaike, Bwana Mdogo," alisema Suqin. "Kipimo chake ninakijua."

"Bila kuipima?"

"Nimeshazoea kazi hii."

Kijana akaridhika. Akainua kidole kwenye mwanga, akamgeuza kulungu huku na huku. "Geng ananiambia ilikuwa na kisanduku chake, chekundu, cha kuchongwa, kilichotoka nayo ikulu. Kingekuwapo, mkusanyiko wangu usingekuwa na mpinzani jiji zima. Kilipotelea wapi?"

Bwana Geng alikohoa ndani ya chai yake.

"Hakikupotea," alisema Suqin. "Kilipasuka. Chumba kiliwashwa moto."

"Moto! Mbele ya utomvu wa zamani hivyo!" Kijana alijipiga gotini kwa kiganja, amesikitika kikweli. "Watu hawana akili. Ina maana hao wenyewe hawakujua kwamba kisanduku kama kile hakitaki moto?"

Suqin alikuwa akikunja kitambaa cha hariri juu ya meza, ncha kwa ncha, polepole.

"Walijua, Bwana Mdogo," alisema. "Walijua sana."

Alichukua kitambaa chake, akaaga, akapita sokoni kununua pamba. Nyumbani alichochea moto kwanza, kabla ya kuvua koti. Kisha akakisogeza karibu na jiko kile kisanduku chekundu chenye ufa, anamowekea nyuzi zake, akatoa uzi, akaanza kushona.